Chumvi, Ndimu na Pilipili Havihitaji Rangi

Embe mbichi iliyochanjwa kwa kisu, ikatiwa chumvi na unga wa pilipili, kisha ikakamuliwa ndimu, ni kitu kidogo sana kuandikiwa tahariri. Hata hivyo, msomaji aliyelelewa katika miji yetu ya pwani, kuanzia Vanga mpaka Lamu na visiwa vyake, huenda mate yamekwisha kumjaa kinywani kabla hajaumaliza mstari huu. Jambo linaloweza kuwatoa mate watu wa mwambao mzima kwa pamoja lina haki ya kutazamwa. Ni mila, na mila husifiwa panapostahili sifa, na hukosolewa panapostahili lawama. Leo tuna yote mawili ya kusema.

Twayasema kwa sababu mila hii imeingiliwa na mambo mawili. La kwanza ni kwamba vijana wetu wameanza kuiona katika simu zao ikifanywa na watu wa nchi za mbali kwa unga wa chupa, wakadhani ni uvumbuzi mpya uliotoka ng'ambo. La pili, nalo ndilo zito, ni kwamba hapa kwetu wenyewe kiungo kile cha asili kinaondolewa polepole, na mahali pake panatiwa rangi.

ULIMI WA PWANI

Tuanze na sifa. Katika mji wa Mombasa, chumvi, ndimu na pilipili ni watatu wasioachana. Jioni jua linapopunga, muuza mahindi ya kuchoma hukata ndimu vipande viwili, akachovya kimoja katika bakuli la chumvi na pilipili, akalisugua hindi lote tangu shinani mpaka nchani. Muuza muhogo huupasua muhogo wake katikati, akautia chumvi na pilipili katika mpasuo huo, na ndimu juu yake. Pale Mama Ngina, watu wanapopunga upepo wa bahari na kutazama meli zikiingia mlango wa Kilindini, krisps za muhogo hutikiswa katika karatasi pamoja na pilipili na maji ya ndimu. Tango, nanasi, pera na embe mbichi vyote hupata sehemu yao. Mwezi wa Ramadhani, watu wakitoka tarawehe, wako wasioona usiku umekamilika mpaka wapate kitu cha kuwasha. Na mama mwenye mimba changa asiyetaka kuona wali wala mchuzi, mara nyingi embe mbichi ya ndimu na chumvi haikatai.

Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini ulimi wao ulikuwa na elimu. Chumvi hupunguza uchungu katika tunda na kuuacha utamu wake ujitokeze. Ndiyo sababu nanasi likitiwa chembe za chumvi huonekana kama limeongezwa sukari. Ukali wa ndimu nao huamsha mate. Ama pilipili, kinachowasha ndani yake ni kitu kiitwacho kapsaisini. Kitu hicho hugusa neva zile zile za kinywa zinazohisi moto, na ubongo ukadhani kwamba mdomo umeungua. Wengi hudhani kuwa ukali huo umo katika mbegu, kumbe hukaa zaidi katika ule utando mweupe unaozishika mbegu. Tena huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kwa hiyo aliyewashwa akagugumia bilauri nzima ya maji hapati nafuu, na aliyekunywa maziwa hupoa. Bibi zetu waliyajua hayo pasipo kusoma kitabu chochote.

WENYEJI NA WAGENI KATIKA SAHANI MOJA

Mila hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika Mogadishu mwaka 1331. Huko alikaribishwa wali na vitoweo, na kando yake akawekewa malimau na vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Alieleza kwamba embe ikiiva ni tamu, na kabla ya kuiva ni kali kama limau, na kwamba wenyeji huitia katika siki. Wakila tonge la wali, alisema, hulifuatishia na kitu kimojawapo katika vile vikali. Kutoka huko akapita Mombasa, akataja ndizi zake, malimau yake na tunda liitwalo jamuni, ambalo ndilo jina la Kihindi la zambarau. Watu wa Mombasa akawasifu kwa dini yao na tabia yao njema. Basi msomaji anayekula wali na achari ya embe adhuhuri ya leo, anakula kwa adabu iliyoandikwa karibu miaka 700 iliyopita.

Lakini uangalie mwaka huo, 1331. Pilipili tunayoinyunyiza katika embe siku hizi ilikuwa haijafika upande huu wa dunia. Asili yake ni bara la Amerika, na haikuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Pilipili aliyoiona Ibn Battuta lazima iwe ni ya jamii ya zamani, ndugu wa pilipili manga. Jina lenyewe latoa ushahidi. Neno pilipili ni la ukoo mmoja na filfil ya Waarabu na pippali ya Kisanskriti, lugha ya kale ya Bara Hindi, na lilikuwa jina la zile punje za kale. Mgeni kutoka Amerika alipoingia na moto wake, alilitwaa jina hilo lote, na mwenyeji akabaki kuitwa pilipili manga, yaani pilipili ya Uarabuni, wasije wakachanganywa.

Aliingiaje huyo mgeni? Tarehe 7 Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa, na miongoni mwa mabaharia wake walikuwamo wagonjwa wa ule ugonjwa wa kuvimba fizi uwapatao watu waliokaa baharini miezi mingi bila matunda. Mmoja wa watu wa safari hiyo aliandika kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Leo twajua kwamba dawa ya ugonjwa ule ni vitamini C, ambayo imo katika machungwa na malimau. Urafiki huo haukudumu, na mwaka 1505 Wareno waliuteka na kuuchoma mji huo huo. Hata hivyo meli zao, katika karne ile ya 16, ndizo zilizoitawanya pilipili ya Amerika katika Afrika na Bara Hindi. Hatuwashukuru kwa moto walioutia Mombasa, ila historia ndivyo ilivyo: mji uliotoa limau ukapata pilipili.

Sasa tuvuke bahari mpaka Meksiko, ambako vijana wetu wanaiona ile chupa. Huko pilipili imelimwa kwa zaidi ya miaka 6,000, lakini ndimu haikuwako mpaka ilipoletwa na Waispania. Wameksiko wakaviweka viwili hivyo pamoja na chumvi, wakavitia katika embe, tango, tikiti na mahindi, kama tufanyavyo sisi. Kampuni ya Tajín, iliyoanzishwa mwaka 1985 katika jimbo la Jalisco, iliutia unga huo wa pilipili, chumvi na ndimu iliyokaushwa katika chupa, ikauuza mpaka nchi za nje. Wao walikuwa na pilipili, ikawajia ndimu. Sisi tulikuwa na ndimu, ikatujia pilipili. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja katika pwani yake, wakafika katika sahani moja.

Basi kijana wa Kibokoni au Likoni akiiona chupa hiyo, asione haya wala asione wivu. Akitaka kuinunua, pesa ni zake. Ajue tu kwamba nyanyake alikuwa na unga huo katika kopo jikoni, na kwamba Mmeksiko hakuona haya kuuandikia jina unga wa nyanyake na kuutafutia soko. Sisi tuliona ni kitu cha watoto na cha barabarani, tukakiacha hapo. Katika Kilifi, Kwale, Tana River na Lamu, msimu mkubwa wa embe unapofika, embe huanguka chini ya miti zikaoza, na mkulima humuuzia dalali kwa bei isiyolipa hata jasho la kupanda mti. Embe hizo zingekatwa, zikatiwa chumvi na pilipili, zikakaushwa kwa usafi na kufungwa vizuri, zingeuzwa mwaka mzima. Akili ya kazi hiyo tunayo tangu jadi. Tulichokosa ni kuithamini.

RANGI SI UTAMU

Hapo sifa zimekwisha, na sasa ni lawama.

Tazama achari za embe na mabuyu yanayouzwa karibu na shule na vyuo vya Kurani. Mtoto akila kifuko kimoja tu, ulimi huwa mwekundu kama aliyepaka wino, na vidole havitakati kwa maji wala kwa sabuni mpaka kesho yake. Pilipili ya kweli haifanyi hivyo. Ipondwe namna gani, rangi yake ni nyekundu iliyofifia, yenye kuelekea udongo, na haigandi katika ngozi. Uwekundu ule wa kung'aa umetoka katika kikopo. Zipo rangi za vyakula zilizoruhusiwa kwa vipimo maalumu, hilo hatulikatai. Lakini kifuko kisicho na jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo, wala tarehe, hakimwambii mtu rangi yake ni ipi na ilitiwa kwa kipimo gani.

Wala tusidhani kwamba haya ni maneno ya kutishia watoto. Mwaka 2003 wakaguzi wa Ufaransa waligundua unga wa pilipili uliotiwa rangi iitwayo Sudan, ambayo kazi yake ni kupakia rangi mafuta na nta, na ambayo imekatazwa katika vyakula kwa kuwa yashukiwa kuleta saratani. Mwaka 2005 unga wa namna hiyo ulikutwa Uingereza ndani ya sosi, na kutoka katika sosi hiyo ukawa umeingia katika vyakula vingine. Vyakula vya aina zaidi ya 350 vikaondolewa madukani. Ikiwa viwanda vikubwa vyenye wataalamu na maabara vilidanganyika kwa uwekundu wa pilipili, sembuse mama aliyetuma mtoto dukani kwa shilingi kumi?

Mbona rangi hutiwa? Sababu ni mbili, na zote ni za soko. Pilipili iliyokaa sana hupauka, na rangi huificha kama uzee unavyofichwa kwa hina. Tena pilipili ni ghali, na rangi kidogo huweza kuufanya unga mwingine wowote uonekane pilipili tupu. Katika njia zote mbili anayedanganywa ni yule yule, mnunuzi. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pilipili inayopakwa rangi ili iuzwe, hiyo ndiyo inayojitembeza.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kungoja mkaguzi atufundishe jambo hili. Twaijua habari ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipopita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji yaliyofichwa chini. Alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuyaweka juu watu wakayaona, akaonya kwamba mdanganyifu hana sehemu katika umati wake. Kuna tofauti gani kati ya maji yaliyofichwa chini ya nafaka na uzee wa pilipili uliofichwa chini ya rangi? Na mlaji wa achari si mtu mzima anayeweza kupekua lundo. Ni mtoto aliyetoka kusoma juzuu yake. Sheria ya nchi nayo iko wazi, kwani Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali yakataza kuuza chakula kilichoghushiwa. Kilichobaki ni kuitumia, na itumiwe kuanzia kwa wachuuzi wakubwa wa jumla wanaoingiza rangi na unga huo mjini kwa magunia.

WAUZAJI WASIONEWE

Twasema kuanzia juu kwa sababu twajua desturi ya wakubwa wetu. Likitajwa jambo la usafi wa vyakula, anayekimbizwa kwanza ni mama wa beseni la embe na mzee wa mkokoteni wa mihogo. Beseni humwagwa, kisu huchukuliwa, na kesho yake mama huyo hana ada ya shule wala chakula cha jioni. Huo si usafi. Mama huyu, kama tulivyoeleza, ndiye mhifadhi wa mila yenyewe. Tena biashara yake ni ya wazi kuliko ya kiwandani: embe humenywa ukiiona, ndimu hukatwa ukiiona, na chumvi hutiwa kwa kipimo ukitakacho wewe.

Anachohitaji ni maji. Embe haiwezi kukatwa salama kwa kisu kilichooshwa katika ndoo ile ile tangu asubuhi, na mji wetu umekwisha kuujua ubaya wa kipindupindu. Wako wanaodhani kwamba ukali wa ndimu huua kila kidudu. Ndimu husaidia kidogo, lakini haisafishi kisu kichafu, wala haioshi mikono iliyoshika noti kutwa nzima. Serikali ya Kaunti ya Mombasa na zile za jirani zake hutoza ada za biashara kwa watu hawa. Basi ada hizo zirudi kwao kwa sura ya mfereji wa maji, kivuli na jaa la taka mahali wanapouzia. Muuzaji akishapewa maji halafu akauza uchafu, hapo ndipo atakuwa na la kujibu.

Nao wauzaji wenyewe twawakumbusha jambo moja kwa heshima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jina zuri la pilipili ya Mombasa limejengwa na wazazi wenu kwa miaka mingi, na kifuko kimoja cha rangi chatosha kulibomoa.

KINU KIRUDI JIKONI

Mwisho twawaelekea wenye nyumba, kwa kuwa dawa ya karibu iko kwao. Unga huu si kazi ngumu. Pilipili nyekundu zilizoiva huoshwa, hufutwa maji, kisha huanikwa katika sinia au ungo ulioinuliwa kutoka chini, na hufunikwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi na nzi. Zisianikwe juu ya udongo, na usiku ziingizwe ndani zisipate umande. Pilipili iliyokauka nusu huota ukungu, na ukungu huo waweza kuzaa aflatoksini, sumu ile ile iliyoingia katika mahindi ya Ukambani mwaka 2004 ikaua watu 125. Pilipili iliyokauka barabara huvunjika ikitoa mlio. Hapo hukaangwa kidogo bila mafuta, ikapondwa kinuni.

Katika vijiko vitatu vya unga huo, kijiko kimoja cha chumvi chatosha. Ndimu mbichi isitiwe ndani ya kopo, kwani maji yake yataozesha unga. Ikamuliwe wakati wa kula. Anayetaka harufu ya ndimu ikae humo ndani, aparuze lile ganda la kijani la juu pasipo kufika katika nyeupe ambayo ni chungu, alianike kivulini mpaka likauke, kisha aliponde pamoja na pilipili. Kopo liwe kavu na lifungwe vizuri. Ukilisha kulifunika, una kile kinachouzwa ng'ambo katika chupa, na kila kilichomo wakijua.

Kuhusu kipimo, Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai, na chumvi ya chakula chote imo katika hesabu hiyo. Watu wa presha ni wengi katika nyumba zetu. Basi mwenye presha aongeze ndimu na kupunguza chumvi, maana ukali wa ndimu huziba pengo kwa kiasi kikubwa. Na mtoto mdogo asishindanishwe na wakubwa katika kula pilipili ati aonekane shujaa.

Waswahili wana methali isemayo pilipili usiyoila yakuwashiani. Hii tunaila, nayo yatuhusu. Kuanzia leo, mzazi anunuapo unga wa pilipili, achari au mabuyu, amuulize muuzaji mambo mawili tu: nani aliyetengeneza, na wekundu huu umetoka wapi. Asiyeweza kujibu, na abaki na mali yake.